S. W. Erdnase: Alifichua siri za karata, akaficha jina lake

Mwaka 1902 mjini Chicago, Marekani, kilitoka kitabu kidogo kilichouzwa kwa dola 2. Kwa michoro zaidi ya 100, mwandishi alionyesha jinsi mcheza kamari anavyogawa karata ya chini kabisa huku wote mezani wakiamini imetoka juu. Alionyesha pia jinsi ya kuchanga karata bila kuvuruga mpangilio wake, na jinsi ya kuificha karata kiganjani.

Kitabu hicho, The Expert at the Card Table, bado kinachapishwa mpaka leo. Dai Vernon, Mkanada ambaye wanamazingaombwe wenzake walimwita Profesa, alikisoma tangu utotoni na kukisifia maisha yake yote.

Mwandishi anaitwa S. W. Erdnase. Shida ni kwamba mtu wa jina hilo hajawahi kupatikana.

Kwa nini ajifiche?

Sababu si ngumu kuona. Kitabu kinafundisha wizi wa mezani, na enzi hizo aliyeshikwa akiiba kwenye kamari angeweza kula kipigo au hata risasi. Kama mwandishi alikuwa bado anacheza, jina lake halisi kwenye jalada lingemharibia kazi. Yeye mwenyewe anakiri kwenye utangulizi kwamba anaandika kwa sababu anahitaji pesa. Kuhusu pesa alisema wazi, kuhusu jina akanyamaza.

Kidokezo cha kwanza

Soma S. W. Erdnase kinyumenyume. Unapata E. S. Andrews. Rahisi, siyo? Basi watu wakaanza kumsaka Andrews.

Shahidi pekee

Mwaka 1946, Martin Gardner, mwandishi wa hisabati na mpenzi wa mazingaombwe, alimpata Chicago mzee aitwaye Marshall D. Smith. Huyu ndiye aliyechora picha za kitabu.

Smith alikumbuka kukutana na mwandishi hotelini, chumba kikiwa na baridi kali. Alikuwa mtu mfupi, hazidi futi 5 na inchi 7, umri kama miaka 40, mpole, mikono yake laini. Alisema pia kwamba ana undugu na Louis Dalrymple, mchora vibonzo maarufu wa wakati huo.

Wanaotajwa

Gardner aliamini mtu wake ni Milton Franklin Andrews, mcheza kamari aliyekuwa akisakwa kwa tuhuma za mauaji. Novemba 1905, polisi wa San Francisco walipomzingira, alimuua mwanamke aliyekuwa naye kisha akajiua. Habari hii ilinoga, na mwaka 1991 Gardner na wenzake wawili waliitolea kitabu kizima.

Lakini ukimpima kwa maneno ya Smith, mambo hayaendi. Milton alikuwa mrefu wa zaidi ya futi 6, na kitabu kilipokuwa kinaandaliwa ndiyo kwanza alikuwa anakaribia miaka 30. Mchoraji aliyekaa akiitazama mikono ya mtu kwa makini anaweza kusahau jina lake. Kumsahau mtu mrefu na kumfanya mfupi ni jambo jingine.

Wengine wakageukia W. E. Sanders, mhandisi wa migodi na mtoto wa seneta wa Montana. Panga upya herufi za jina lake: zinatoa S. W. Erdnase, hakuna inayobaki. Alizaliwa 1861, kwa hiyo umri unalingana. Pia alikuwa msomi, na kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza cha mtu aliyesoma. Pamoja na hayo, hakuna karatasi hata moja inayomfunga moja kwa moja na kitabu.

Wapo pia akina E. S. Andrews wengine, akiwemo wakala wa reli, Edwin Sumner Andrews. Kila mmoja anafaa mahali fulani na kugoma mahali pengine.

Je, jina nalo ni mchezo?

Hapa ndipo penye utamu. Mwizi wa karata hukupa kitu cha kutazama ili usiangalie mkono unaofanya kazi. Jina linalogeuka kirahisi kuwa Andrews linaweza kuwa ukweli, au likawa mkono ule wa kukuzuga. Kwa mtu aliyeandika kitabu kama hiki, yote mawili yanawezekana.

Kufikia 1905, kampuni ya Frederick J. Drake ya Chicago ilikuwa tayari inakichapa yenyewe, na wachapishaji wengine wakafuata. Jina Erdnase halikutokea tena kwenye kitabu kingine. Aliyesema anahitaji pesa ameacha kitabu kilichowaingizia wengine pesa kwa zaidi ya miaka 100, na kaburi lake halijulikani liko wapi.