Seva Moja, Malango Mawili

Lango la data la Power BI, huduma ya ripoti ya Microsoft, ni programu ya Windows inayokaa ofisini, karibu na hifadhidata. Hupokea maombi kutoka kwenye wingu la Microsoft, huyafikisha kwa seva, kisha hurudisha majibu. Lango moja husajiliwa kwenye tenanti moja tu, na kompyuta moja haibebi malango mawili ya aina ile ile. Kwa sababu hiyo, penye SQL Server moja na tenanti mbili panahitajika malango mawili juu ya kompyuta mbili. Seva yenyewe hubaki moja, wala haihitaji kunakiliwa.

Tenanti maana yake ni mpangaji, na mfano wa nyumba ya kupanga unalifaa neno hilo. Nyumba ni ya Microsoft. Kila kampuni ina chumba chake chenye watumiaji, leseni, ripoti na msimamizi wake. Orodha ya watu wa kila chumba hutunzwa na Entra ID, mfumo ulioitwa Azure Active Directory hadi 2023. Tofauti na nyumba nyingi za uswahilini, hapa hata uani hakuna cha kuchangia.

Hali ya seva moja na tenanti mbili huzuka kampuni mbili zinapoungana kabla ya kuunganisha barua pepe zao, au ofisi ya wahasibu inapotunza vitabu vya wateja kadhaa na kila mteja akataka dashibodi ndani ya akaunti zake mwenyewe. Tuseme kuna kampuni ya vyakula vya jumla na kampuni dada ya malori. Zinatumia stoo moja na mfumo mmoja wa mauzo, lakini kila moja ilijiandikisha Microsoft kivyake. Mauzo yote yamo kwenye seva moja iliyo nyuma ya chumba cha uhasibu.

Kwa upande wa hifadhidata, hakuna kikwazo. SQL Server kwa kawaida husikiliza kwenye poti 1433 na hujibu yeyote mwenye jina na neno la siri sahihi. Haijui tenanti ni kitu gani, na kila lango ni mteja kama wateja wengine. Kikwazo kiko kwenye utambulisho wa lango huko wingu, na ndiyo maana kununua seva ya pili, kosa linalofanywa kwa haraka na kwa gharama, hakutatui chochote.

Uwekaji wenyewe ni mfupi. Fundi huandaa kompyuta mbili, ambazo zinaweza kuwa kompyuta pepe ndani ya mashine moja kubwa. Kwenye ya kwanza huweka programu ya lango, na dirisha linapouliza barua pepe, huingiza akaunti ya kampuni ya vyakula. Hatua hiyo ya barua pepe ndiyo inayoamua tenanti. Hakuna mahali pengine pa kuichagua. Kisha huandika jina la lango na ufunguo wa kurejesha wenye herufi zisizopungua nane. Kwenye kompyuta ya pili hurudia yale yale kwa akaunti ya kampuni ya malori. Akijaribu kusajili lango jipya kwenye kompyuta ile ile ya kwanza, lango la awali litakatika na ripoti za kampuni ya vyakula zitaacha kupata data mpya. Ule ufunguo nao si wa kuandikwa kwenye karatasi ya kubandika ukutani: ndio unaohitajika kuhamishia lango kwenye mashine nyingine, na Microsoft haina nakala yake.

Malango hayadai poti yoyote ifunguliwe kuelekea ndani. Kila lango huanzisha mawasiliano lenyewe kwenda nje, kwenye huduma ya Azure Relay, hasa kwa poti 443, na wingu hutuma maombi kupitia njia hiyo iliyokwisha kufunguliwa. Mtu wa mtandao anayeombwa afungue poti 1433 kwenye fayawoli ili wingu liifikie seva ana haki ya kukataa. Jina na neno la siri la hifadhidata nalo husimbwa kabla ya kuhifadhiwa wingu, na husimbuliwa kwenye kompyuta ya lango pekee.

Baada ya usajili, kila msimamizi huingia kwenye tenanti yake na kueleza chanzo cha data: jina la seva, jina la hifadhidata, na utambulisho wa kuingilia. Hapa pana jambo dogo linalopoteza saa nyingi. Jina la seva lililoandikwa kwenye lango lazima lilingane na lile lililotumika wakati ripoti ilipotengenezwa. Mtengeneza ripoti akiandika SEVA01 na msimamizi akaandika 192.168.1.20, Power BI itaviona kuwa vyanzo viwili tofauti, hata kama anwani hiyo ni ya SEVA01 yenyewe. Ujumbe utakaotokea utalalamikia lango, wakati lango halina kosa.

Kazi ya kufikiri huanzia kwenye ruhusa. Malango yote mawili yakitumia akaunti moja yenye mamlaka yote, ukuta kati ya vyumba viwili unabaki kwenye wingu tu. Huku ofisini kila kampuni inasoma vitabu vya mwenzake. Njia bora ni kuipa kila tenanti akaunti yake ya SQL Server, ya kusoma tu. Tangu toleo la 2016, SQL Server inaweza kuchuja safu za jedwali kulingana na anayeuliza: akaunti ya lango la malori ikiomba mauzo yote, inarudishiwa mauzo ya malori peke yake, bila ripoti yenyewe kujua kwamba kuna mengine. Kichujio cha aina hii kikae kwenye hifadhidata. Kichujio kilichowekwa ndani ya ripoti kinaweza kuondolewa na yeyote mwenye ruhusa ya kuihariri.

Mzigo nao huongezeka. Kwa leseni ya Pro, data iliyonakiliwa wingu huweza kupangiwa kusasishwa hadi mara 8 kwa siku kwa kila modeli, kwa hiyo modeli moja kwenye kila tenanti huweza kufanya seva isomwe hadi mara 16. Njia ya DirectQuery hainakili. Kila kielelezo kwenye ukurasa wa ripoti hupeleka swali lake kwa seva papo hapo, na meneja akifungua ukurasa wenye vielelezo kumi saa nne asubuhi, keshia wa kaunta ndiye anayeona skrini inaganda. Katika mpangilio wa kawaida wa SQL Server ya ofisini, anayesoma na anayeandika huweza kusubiriana kwenye safu moja. Kuwasha mfumo wa nakala za safu, ambapo msomaji hupewa hali ya mwisho iliyothibitishwa badala ya kungoja, hupunguza sana tatizo hilo. Ratiba pia zisigongane: tenanti moja isasishwe saa nane usiku, nyingine saa tisa.

Kompyuta za malango hazipaswi kulala wala kuzimwa jioni na mlinzi anayebana umeme. Usasishaji ukishindwa mara nne mfululizo, Power BI huizima ratiba, na umeme ukirudi ratiba hairudi yenyewe.

Kabla ya yote hayo ni vizuri kuuliza kama malango mawili yanahitajika kweli. Ikiwa kampuni ya malori inataka kutazama ripoti tu, inatosha watu wake waalikwe kama wageni kwenye tenanti ya vyakula. Lango linabaki moja, na suala linalobaki ni la leseni za wageni. Malango mawili yana maana pale kila upande unapotaka kutengeneza na kumiliki ripoti zake.

Tenanti mbili pia zinaweza kuwa na makazi tofauti, kwa kuwa eneo la kuhifadhi data hufungamana na nchi iliyochaguliwa wakati wa kujiandikisha. Taarifa za wateja wale wale zinaweza kuwa Afrika Kusini kwa kampuni moja na Ulaya kwa nyingine. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ile ya taarifa binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na usafirishaji wa kila kampuni uangaliwe peke yake.

Kampuni zikitengana, utaratibu ni ule ule kwa kurudi nyuma. Kwanza hufungwa akaunti ya SQL Server ya upande unaoondoka, ili data isisomwe tena hata kama lango bado liko hewani. Halafu msimamizi wa tenanti hiyo hulifuta lango kwenye Power BI, na fundi huiondoa programu kwenye kompyuta. Lango la upande unaobaki haliguswi.