Mahindi Yakishika Ukungu, Msiyale

Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa Makueni, Kitui, Machakos hadi Thika yetu hapa. Waliuawa na aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa mabichi.

Anikeni juu ya turubai, si kwa mchanga. Kisha pimeni: tieni mahindi na chumvi kavu kwa chupa kavu, mtikise vizuri, mngoje dakika 15. Chumvi ikishika chupa, rudisheni juani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mkiona ukungu ama mkisikia uvundo, fukieni. Kupika hakumalizi sumu. Ng'ombe pia asipewe, sumu hupitia maziwa. Na kwa kuwa sumu nyingine haionekani, kinga ni kukausha.