Kibanja: Shina Moja, Haki Nyingi

Mhaya wa Bukoba akisema ana kibanja, anataja mengi kwa mara moja: nyumba, migomba, mibuni na maharage yaliyo kati yake, pamoja na makaburi ya wazee. Nje yake iko rweya, nchi ya nyasi. Nyasi za rweya hukatwa zikatandazwa migombani, samadi ikaongezwa, na kwa vizazi udongo hafifu ukawa shamba.

Kibanja ni ndugu wa kiwanja. Penye b ya Kihaya, mara nyingi Kiswahili kina w: babili ni wawili. Kiswahili kimelishikilia shina hilo kwa maana ya eneo wazi, la kujengea au kuchezea. Kihaya kikalipa maana ya makazi na kilimo chake.

Katika tawala za wakama, wafalme wa Wahaya, shina hilohilo lilizaa nyarubanja. Mkama alimgawia ndugu au mtumishi wake mamlaka juu ya vibanja vyenye watu ndani. Wakaaji hao, watwarwa, walimlipa bwana wao kwa mazao, pombe na kazi. Sheria ya mwaka 1965 ilikomesha utaratibu huo, wakati Kagera ikiitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi.

Ukivuka mpaka kuingia Buganda, kibanja kinabadilika tena. Mkataba wa Waingereza na Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, nayo ikaitwa mailo. Aliyekaa juu ya mailo ya mwingine akabaki na kibanja, haki ya mpangaji iliyolindwa na sheria ya mwaka 1928.

Tukirudi Kagera, huko Muleba haki ya ardhi ya ukoo nayo ilipimwa mahakamani. Mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliliuza, na jamaa akapinga katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, kwa kuwa mila ilimkataza mwanamke kuuza. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa katiba inampa haki sawa na mwanamume.

Kwa hiyo ukisoma hati yenye neno kibanja, tazama kwanza imeandikwa wapi na lini, kisha uliza: ni cha ukoo, cha mtu binafsi, au kimekaa juu ya ardhi ya mwingine?