Mabibi wa Kisiwa cha Bourbon

Wanangu wamezaliwa na nasaba mbili. Upande wa baba yao, mtu wa Saint-Paul katika kisiwa cha Réunion, ninaweza kupanda jina kwa jina hadi miaka ya 1660, nikiongozwa na tarehe za ubatizo, ndoa na maziko. Upande wangu mimi, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, najua alichonikaririsha bibi jioni tukichambua mchicha: wewe binti fulani, mama yako binti fulani, na mama yake binti fulani, hadi kizazi cha saba. Karatasi hatuna.

Wageni wakisikia hivyo huona upande wa baba ndio uliokamilika. Mimi sikubali. Nimekaa na karatasi za kisiwa hiki muda mrefu, kwa ajili ya wanangu na kwa ajili ya mavyaa wangu, na nimeona zinavyohifadhi watu wa aina moja na kuwapoteza wa aina nyingine. Waliopotea humo, wengi wao ni watu wa pwani yetu.

Réunion haikuwa na wenyeji. Wafaransa walikitwaa kisiwa katika miaka ya 1640 na baadaye wakakiita Bourbon, jina la ukoo wa mfalme wao. Kituo chao kikuu wakati huo kilikuwa Fort-Dauphin, kusini mwa Bukini, ndiyo Madagaska ya leo. Mwaka 1646 mkuu wa kituo hicho, Pronis, aliwatupa Bourbon askari wake 12 waliomwasi, na miaka mitatu baadaye wakakutwa wazima, wamenawiri. Sifa za kisiwa chenye maji matamu, kobe na samaki tele zikaenea.

Makazi ya kudumu yalianza 1663. Louis Payen alishuka upande wa Saint-Paul pamoja na Mfaransa mwenzake mmoja na Wabukini 10, wanaume 7 na wanawake 3. Nataka wanangu waishike hesabu hiyo. Katika watu 12 wa mwanzo wa kisiwa chao, 10 walitoka Bukini. Haukupita muda ugomvi ukazuka, Wabukini wakawaacha Wafaransa wawili ufukweni na kupanda milimani. Kwa hiyo Bourbon ilikuwa na watoro hata kabla ya kuwa na mtawala, maana Étienne Regnault, msimamizi wa kwanza aliyetumwa na Kampuni ya Ufaransa ya Mashariki ya India, alifika 1665 pamoja na wafanyakazi wapatao 20.

Hapa ndipo habari ya nasaba inapoanza hasa, na inaanza kwa wanawake. Vijana wa Kampuni hawakuja na wake. Waliooa, wengi wao walioa wanawake wa Kibukini, na mwaka 1678 wakaletwa wanawali kutoka India, wenye asili ya Kihindi na Kireno. Mwaka 1674 amri ilikuwa imetolewa kuwakataza Wafaransa kuoa wanawake weusi. Amri ilibaki kwenye karatasi, na watoto wakaendelea kubatizwa.

Katika mabibi hao, wawili hutajwa na kila anayetafuta asili yake hapa. Wa kwanza ni Anne Mousse, aliyezaliwa mwaka 1668 hivi. Baba yake Jean Mousse na mama yake Marie Caze wote walikuwa Wabukini, naye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuzaliwa kisiwani. Aliolewa na Mfaransa, Noël Tessier, akafariki 1733. Familia nyingi mno za Réunion, weupe kwa weusi, zikifuatwa hadi juu zinamkuta yeye. Mume wangu anamfikia kwa njia zaidi ya moja, maana katika makazi madogo vile watu walioana binamu kwa binamu.

Wa pili ni Françoise Chatelain, yatima wa Paris. Alikuwa mmoja wa mabinti waliochukuliwa katika nyumba ya maskini ya Salpêtrière na kupelekwa Fort-Dauphin wakaolewe. Walifika mwanzoni mwa 1674. Mwaka huohuo Wabukini wakakishambulia kituo na kuwaua Wafaransa wengi, waliosalia wakatoka kwa jahazi. Françoise alifika Bourbon mwaka 1676, na katika maisha yake aliolewa mara nne: kwa Lelièvre, kwa Esparon, kwa Carré de Talhoët, na mwishowe kwa Augustin Panon. Kwa ndoa hizo zote akawa bibi wa nusu ya kisiwa. Katika ukoo wa Panon ndimo alimotoka mume wa Bi. Desbassayns, yule mwanamke mwenye shamba maarufu la Saint-Gilles aliyefariki mwaka 1846 akimiliki mamia ya watumwa. Nyumba yake sasa ni makumbusho, na kila niendapo na watoto tunaanzia upande wa kikanisa na majiko, si sebuleni.

Tunajua mengi kuhusu walowezi wa mwanzo kwa sababu ya mtu mmoja mwenye jicho kali. Antoine Boucher, mtunza ghala wa Kampuni ambaye baadaye akawa gavana, aliandika mwaka 1710 habari za wakazi mmoja mmoja: nani mchapakazi, nani mlevi, nani ana ardhi kiasi gani, mke wake ni wa asili ipi na mwenendo wake ukoje. Ni maneno makali, mara nyingi ya dharau, hasa kwa wanawake. Lakini yanatuthibitishia kwamba miaka kama 50 tu baada ya Payen, hakuna aliyeweza kuisimulia jamii ile bila kutaja Bukini na India.

Halafu ikaja kahawa. Miche ya Mokha kutoka Yemen ilifika 1715, Kampuni ikawataka wenye ardhi wapande, na kahawa ikataka mikono. Bukini haikutosha, merikebu zikaelekea pwani ya Afrika. Mwaka 1723 mfalme alitoa sheria maalumu ya watumwa kwa Bourbon na Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Mtumwa akawa mali inayohamishika, na ndoa kati ya weupe na weusi ikakatazwa. Wajukuu wa Anne Mousse waliokuwa huru waliingia upande wa wenye mali. Kumbukumbu ya bibi yao mweusi ikaanza kufichwa kwenye nyumba zao, ingawa katika rejista ilibaki wazi.

Mwaka ninaoufikiria kuliko yote ni 1776. Mwezi Juni mfalme wa Ufaransa aliamuru nakala za rejista za makoloni yote ziwe zinatumwa Versailles, zisije zikaliwa na mchwa au kuungua. Kwa amri hiyo mume wangu anawajua mababu zake. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo, Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, zile fedha ambazo wazee wetu waliziita reale, na juu yake Sultani apewe zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Mkataba ulitajwa kuwa wa miaka 100. Katika hati ile kuna jina la Morice, kuna mamlaka ya Sultani, kuna bei. Wale elfu moja hawana hata jina moja.

Nimesoma hati hiyo kama mtoto wa Kilwa, na nasema bila kuzunguka: mkono wetu ulikuwamo. Watalii hupelekwa Kilwa Kisiwani kuyaona magofu ya Makutani na kuambiwa habari za dhahabu ya Sofala na msikiti mkuu, na ni haki. Waambiwe pia kwamba walikopitishwa Wayao na Wamakua waliotolewa bara ndiko hukohuko, na kwamba mtawala wa pwani alikuwa na fungu lake katika kila kichwa.

Anayetafuta asili yake Réunion huanza na cheti chake cha kuzaliwa, akapanda kwa wazazi, kutoka kwao kwenda kwenye ndoa yao, na kila ndoa inamtajia wazazi wengine wanne. Rejista nyingi za zamani zinasomeka bure kwenye intaneti kupitia jumba la nyaraka za makoloni lililoko Aix-en-Provence, na nyingine ziko Saint-Denis. Kwa familia zilizokuwa huru ipo pia kamusi kubwa ya nasaba ya Camille Ricquebourg, inayozifuata toka 1665 hadi 1810. Mume wangu alipanda kwa njia hiyo bila taabu, upande wa baba yake.

Mavyaa wangu hakuweza. Yeye ni mweusi, wa wale wanaoitwa Kaf hapa, na nasaba yake ilisimama kwenye tarehe moja ambayo kila mtoto wa shule kisiwani anaijua: 20 Desemba 1848. Siku hiyo Sarda Garriga, mjumbe wa serikali ya Paris, alitangaza mwisho wa utumwa. Watu wapatao 62,000, zaidi ya nusu ya wakazi wote, wakawa huru, na kila mmoja alihitaji jina la ukoo. Makarani wakafungua rejista maalumu na kuyagawa majina: ya miungu ya Wagiriki, ya kwenye kalenda, ya herufi zilizopinduliwa. Ndugu waliokuwa kwa mabwana tofauti waliweza kutoka na majina ya ukoo tofauti.

Hata waliotenda jambo kubwa hawakuokoka. Edmond, mtoto wa Sainte-Suzanne, alizaliwa utumwani 1829. Mama yake tunamjua kwa jina moja tu, Mélise, na alifariki akimzaa. Mwaka 1841, akiwa na miaka 12, Edmond aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba, maana kisiwani hakukuwa na mdudu wa kuifanya kazi hiyo. Mkulima wa vanila wa Kagera anafanya vilevile kila asubuhi ya msimu. Mwaka 1848 Edmond alipewa jina Albius, na mwaka 1880 akafa maskini. Ukimtafuta mama wa Mélise, huandikiwi kitu.

Kutoka rejista ya 1848 kwenda juu, mtafutaji hafuati tena wazazi, anamfuata bwana. Unatafuta sensa za mwenye shamba, halafu hati za notari za mirathi yake, ambamo watumwa wameorodheshwa kwa jina la ubatizo, umri, asili na thamani, jirani na ng'ombe na masufuria. Kazi hii inachosha moyo. Nimekuwa nikisoma kurasa hizo kwa mavyaa kwa sauti, nikimtafsiria maneno magumu ya Kifaransa cha zamani kwa Kikreoli changu kibovu, na mara kadhaa ameniambia, “Basi mwanangu, tufunge kwa leo.”

Tumempata mama wa bibi wa bibi yake. Rejista ya 1848 inampa jina la ubatizo, jina jipya la ukoo, namba, miaka 35, mwanamke wa Kiafrika, mzaliwa wa “Mozambique”. Katika karatasi za Bourbon neno hilo lilibeba pwani yote, Kilwa ikiwemo. Kwa umri wake, yaelekea alivushwa baada ya 1817, Ufaransa ilipokwisha kuipiga marufuku biashara ya kuwavusha watu, na magendo yakaendelea. Mashua ya magendo inayoshusha watu usiku haiandikishi abiria.

Wazee wa hapa, hata hivyo, hawakuwahi kuitegemea karatasi peke yake. Vilele vya milima vina majina ya watoro, kama Cimendef, Anchaing na Dimitile. Na nyumbani kwa mavyaa kila mwaka hufanyika servis, ibada ya wahenga, watu wakila pamoja na kupiga maloya hadi alfajiri, ngoma ambayo watawala waliikunjia uso kwa miaka mingi na ambayo UNESCO iliitambua 2009. Mimi kwetu nimezoea kusoma hitima. Mara ya kwanza niliketi pembeni, sikujua la kufanya. Siku hizi ninapika.

Mavyaa anataka kwenye mti wa ukoo niandike Kilwa. “Wewe umetoka huko,” ananiambia, “na wewe ndiye uliyeletwa kwangu. Unataka ushahidi gani mwingine?” Nampenda, na mara ngapi mkono umekaribia kuandika. Sijaandika. Aliyemwandika bibi yule mwaka 1848 alimpachika asili bila kumjali, nami sitaki kumpachika nyingine, hata ikiwa ni kwa mapenzi. Mtini pameandikwa “Mozambique”, kama ilivyo kwenye rejista.

Kwa sasa tumepata jina la mwenye shamba na mwaka wa kifo chake, katika miaka ya 1830. Hati ya mirathi yake imo katika makasha ya notari mmoja wa Saint-Paul, yaliyohifadhiwa Saint-Denis, na tumekwisha kuomba kuiona. Kama bibi yule yumo, atakuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na huenda karani aliandika kabila lake, maana wengine waliandika. Mavyaa hataki nimsomee tena nyumbani. Amesema tutakwenda wote wawili, na kwamba kasha hilo atalifungua yeye.