Siku Tatu za Dripu

Ndugu zangu, wengi mliniuliza kwa nini nilikuja na mkongojo siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Nina ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka wakautafuna utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, mithili ya waya wa umeme uliobanduka mpira. Habari hupotea njiani. Basi mguu wangu wa kushoto ulikuwa mzito, na jicho moja liliona ukungu mtupu.

Hospitali nilitiwa mshipani methilipredinisoloni, gramu 1 kila siku kwa siku 3, ikidondoka polepole muda wa saa nzima. Mdomoni nilisikia ladha ya chuma, kana kwamba nimelamba msumari. Uso uliwaka, na usiku sikupata hata lepe la usingizi. Nesi alinipima sukari ya damu, maana dawa hii huipandisha.

Nilimwuliza daktari kama nitapona. Alinijibu wazi: dawa hii hutuliza uvimbe na kuharakisha nafuu, lakini haiondoi ugonjwa wala haizuii shambulio jingine, kwa kazi hiyo ziko dawa nyingine. Jicho lilianza kuona baada ya juma moja. Mguu bado nausubiri.