Fedha za Halmashauri si Sadaka

Tangu mwaka 2018 sheria yaiamuru kila halmashauri ya Tanzania Bara itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ivikopeshe vikundi vya raia pasipo riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Wako wanaozitazama fedha hizi kana kwamba ni sadaka. Sivyo hata kidogo. Mapato ya halmashauri hutoka katika ushuru wa masoko, ada za leseni na ushuru wa mazao. Muuza nyanya alipaye ushuru wake asubuhi ndiye aujazaye mfuko huo. Basi aombapo mkopo haombi cha mtu. Aomba sehemu ya jasho lake imrudie, izae tena.

Lakini kwa kuwa ni jasho la wengi, halina budi kulindwa. Mwezi Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii, baada ya wakaguzi wa hesabu kufichua madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Mwaka 2024 ilirudishwa kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kukopesha kwa njia ya benki. Je, ni nani aliyeumia katika kungoja kule? Si yule aliyekula fedha akatoweka. Aliumia mwenye kikundi cha kweli, aliyekuwa akingojea zamu yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi twaongeza: daftari lililofungiwa kabatini halimfai mwananchi. Majina ya vikundi, kiasi walichokopa na kiasi walichorejesha yabandikwe katika mbao za matangazo za kata na mitaa. Benki yaweza kuzikagua karatasi. Lakini majirani ndio wajuao ni nani ashonaye nguo kweli, na ni nani aishiye katika karatasi tu.

Liko na jambo la pili. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara katika miji mingi, wakaonyeshwa maeneo mapya. Hatusemi kwamba njia za waendao kwa miguu zizibwe kwa meza. Lakini kilio cha wengi kilikuwa kwamba huko walikopelekwa wanunuzi hawapiti. Halmashauri itoayo mtaji kwa mkono wa kulia, na kumtenga mkopaji na wateja kwa mkono wa kushoto, yapanda mbegu juu ya mwamba, kisha yashangaa deni halilipwi. Kabla soko halijajengwa, waulizwe wauzaji wenyewe: watu hupita wapi, na mabasi husimama wapi?

Nawe ndugu uliyekwisha kukopa, dawa ya deni ni kulipa. Shilingi usiyoirejesha haikuibiwa halmashauri. Ni cherehani ya jirani yako ambayo haitanunuliwa.