Goma: Janti mati hazipendi muchanga, asidi wala kupolishwa

Motokari nyingi zinazotembea katika Kivu zilikwisha kutumika kwanza inchini Japani. Kati yao kuna zinazofika na janti za alumini zenye rangi nyeusi au ya majivu isiyongaa, ile inayoitwa "mati". Wenye motokari wengine wanapeleka janti zao za kawaida kwa fundi ili azipake rangi hiyo. Inapendeza macho, hilo halina ubishi. Lakini katika muji uliojengwa juu ya volkano, wenye vumbi la mawe na maji ya ziwa yenye chumvi, janti mati inaomba kuoshwa kwa namna ingine, na muoshaji ambaye hakuelezwa anaweza kuiharibu kwa dakika 5 tu.

Kwenye janti inayongaa, kosa dogo linarekebishwa. Fundi anapitisha pasta ya kupolisha na mukwaruzo unapotea. Kwenye janti mati, pasta hiyo ndiyo inamaliza kazi ya kuharibu, na sababu iko ndani ya verni. Verni inayongaa iko laini kama kioo, na mwangaza unaoigusa unarudi upande mumoja. Verni mati ina vilima na mabonde vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuona. Mwangaza ukianguka pale unatawanyika kila upande, na ndiyo maana rangi inaonekana imetulia. Mutu akisugua kwa nguvu, anakata vile vilima. Pale aliposugua panaanza kungaa, sawa na doa la mafuta juu ya karatasi. Akisugua tena ili kufuta doa, doa linapanuka.

Hakuna dawa ya kurudisha vilima hivyo. Inabaki kutoa rangi na verni, kisha kupaka janti nzima upya. Na kwa kuwa ni vigumu kupata rangi mati mbili zinazofanana kabisa, mara nyingi mwenye motokari anajikuta analipia janti 4 kwa sababu ya moja.

Hapo ndipo ugomvi unaanzia kwenye wanaosha motokari. Kijana aliyelipwa franga chache kwa motokari nzima anaambiwa alipe janti. Mwenye motokari anasema alama hizo hazikuwako asubuhi. Kijana anajibu kwamba aliosha sawa vile anaosha motokari zote. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Vumbi la lava

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji wa Goma hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kusimama kaskazini, karibu na uwanja wa ndege. Mawe hayo ndiyo yanajengea nyumba na kujazia barabara, na pine za motokari zinayasaga kila siku. Vumbi linalotoka humo haliko sawa na udongo mwekundu wa vijijini. Ni gumu na lina ncha kali, kama kioo kilichopondwa. Kupanguza janti kavu na torsho, ili tu ionekane safi mbele ya kwenda kwenye arusi, ni sawa na kuipitishia musasa.

Kuna tena desturi ya kutoka jikoni. Muchanga mweusi unasafisha sufuria vizuri, kila mama anajua hilo, na pamba ya chuma pia. Kwa hiyo vijana wengi wanaona ni jambo la kawaida kuchukua kimoja kati ya hivyo wakati uchafu wa janti unakataa kutoka. Sufuria haina verni. Janti iko nayo, na ni nyembamba.

Uchafu wenyewe unaokataa kutoka hautoki barabarani peke yake. Sehemu kubwa inatoka kwenye freni. Kila mara shofere anapokanyaga, plaketi zinasuguana na diski, na unga mweusi wenye vipande vidogo vya chuma unaruka na kubandika kwenye janti. Magurudumu ya mbele yanachafuka zaidi kwa kuwa freni za mbele ndizo zinabeba kazi kubwa. Motokari iliyotoka Bukavu na kushuka mulima wa Ngomo kuelekea Uvira inafika na unga huo ukiwa umepikwa juu ya janti yenye joto. Ukikaa siku nyingi, vile vipande vya chuma vinashika kutu na kuacha vidoadoa vya kahawia ambavyo sabuni peke yake haiwezi kuondoa.

Maji ya ziwa, maji ya mvua

Goma inatumia sana maji ya Ziwa Kivu, yawe ya robine au ya bidoni za manjano. Maji hayo yanaonekana safi, lakini yana chumvi nyingi zilizoyeyuka ndani: za magnesiamu, sodiamu na potasiamu. pH yake iko karibu na 9. Yakikauka yenyewe kwenye jua, yanaacha madoa meupe. Kwenye janti inayongaa madoa hayo yanapanguzwa. Kwenye janti nyeusi mati yanaingia katika mabonde ya verni, na kila mutu anayepita anayaona.

Maji ya mvua ni afadhali, lakini hayako safi kila mahali. Upepo mara nyingi unasukuma moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira upande wa mangaribi, kuelekea Rusayo na Sake. Mvua inayopita ndani ya moshi huo inashuka na asidi. Motokari iliyolala inje upande huo inafaa kusuzwa asubuhi, hata kama inaonekana imeoshwa na mvua.

Kwa maji ya aina zote, kanuni iko moja: yasiachwe yakauke yenyewe. Kitambaa laini cha mikrofibra kinawekwa juu ya janti na kukandamizwa polepole ili kinyonye maji, bila kusugua. Madoa meupe yaliyokwisha kushika yanaweza kujaribiwa na siki nyeupe iliyochanganywa na maji mengi, kwa muda mufupi, kisha yasuzwe vizuri. Inafaa kujaribu kwanza nyuma ya janti. Pale verni imevunjika na alumini iko wazi, siki isitumiwe.

Chupa isiyo na jina

Jambo kubwa kuliko yote halihusu urembo. Kuna dawa za kusafisha janti zenye asidi kali, na kati ya hizo kuna zenye asidi ya florhidriki, ile ambayo inakula hata kioo. Ni kweli zinafanya kazi mbio mbio. Unga wa freni unayeyuka, muteja anafurahi. Lakini zinakula pia verni, na kama kuna mahali imevunjika, zinaingia chini na kuanza kula alumini.

Kisha kuna mikono ya muoshaji. Asidi ya florhidriki haifanani na asidi zingine. Ikiwa imepunguzwa nguvu, inaweza kugusa ngozi bila kuunguza mara moja. Maumivu yanakuja nyuma ya saa nyingi, wakati ile sumu imekwisha kupita ngozi na kwenda kushika kalsiamu ya mwili. Inaweza kuharibu mufupa, na ikiwa nyingi, kusimamisha moyo. Mutu aliyeguswa nayo anapaswa kuosha mahali hapo na maji mengi, na kupelekwa hospitali mara moja pamoja na chupa ya dawa, hata kama anasema hasikii kitu. Munganga akijua ni asidi gani, anajua aanze na dawa yenye kalsiamu.

Hatari inaongezeka pale dawa inamiminwa kutoka chupa kubwa na kuuzwa katika chupa za maji au za soda, bila karatasi ya maelezo. Hakuna anayejua tena ni nini iko ndani. Chupa ya namna hiyo haina nafasi mahali wanapofanya kazi vijana wenye mikono mitupu na viatu vya kambambili.

Soda kostiki nayo haifai. Inashambulia alumini yenyewe hadi itoe povu na gesi. Maji ya javeli hayafai pia, na kuyachanganya na asidi "ili yapate nguvu" kunatoa gesi ya klorini, ambayo inaunguza mapafu. Mutu anaweza kuanguka pale pale, pembeni ya motokari. Na vyote hivyo, vikimwagwa, vinafwata muteremuko hadi ziwani, mahali watu wanachota maji ya kupika.

Kazi yenyewe

Kuosha janti mati hakuombi vitu vya bei kali. Kunaomba muda, na pengine hicho ndicho kigumu kupata.

Gurudumu liachwe lipoe kabisa. Maji ya baridi juu ya freni zenye joto yanaweza kupindisha diski, na sabuni juu ya janti yenye joto inakauka mbele ya kufanya kazi. Kisha maji mengi yamwagwe kwanza, bila kugusa na kitu chochote, ili vumbi la lava litoke lenyewe. Anayetumia mashine ya presio akae mbali kama sentimetre 30, na asielekeze maji pale verni imeanza kutoka.

Sabuni inayofaa ni ile ya maji yenye pH karibu na 7, isiyo na nta. Ikikosekana, matone machache ya sabuni ya maji ya kuosha sahani katika ndoo ya lita 10 yanatosha. Sabuni ya unga ni kali zaidi, na chembe zake ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Magurudumu yawe na ndoo yao na eponji yao, kwa sababu muchanga ulionaswa na eponji ya magurudumu ndio unakwenda kuchora milango. Kwa matundu ya boloni na pembe zilizofichika, brosi ya kupakia rangi yenye manyoya laini inafaa sana; ile sehemu yake ya chuma ifungwe na kitambaa ili isigonge janti. Gurudumu moja lioshwe, lisuzwe na kukaushwa, ndipo muoshaji apite kwa lingine.

Kwa vidoadoa vya kahawia vya freni, kuna dawa maalumu isiyo na asidi kali, ambayo inashika chuma na kugeuka rangi ya zambarau. Kwenye chupa inafaa kuandikwa kwamba inakubali rangi mati. Inaachwa dakika chache na kusuzwa mbele haijakauka. Inanuka vibaya sana, na muoshaji avae glavu. Kwa lami, mazuti si jibu zuri: yanaacha mafuta ambayo yanafanya janti ingae.

Kuhusu kinga, nta ya kawaida inakatazwa. Inajaza mabonde ya verni, na janti inabaki na sehemu zinazongaa na zingine hapana. Kinachofaa ni dawa ya kinga iliyotengenezwa kwa rangi mati, kwa mufano zile za seramiki. Inapakwa vizuri wakati magurudumu yametolewa, kwa kuwa ndipo sehemu ya nyuma inafikiwa. Janti iwe safi na bila mafuta, dawa ipakwe nyembamba na kupanguzwa mapema, kisha maji yasiiguse kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi siku nzima. Kinga hiyo haizuii jiwe, lakini unga wa freni unashindwa kubandika, na kwa wiki zinazofwata maji na sabuni kidogo vinatosha. Boloni zikazwe kwa kupishana, na zikaguliwe tena nyuma ya kilometre 50 hadi 100. Wengi wanasahau hilo, na gurudumu linalolegea njiani ni baya kuliko janti chafu.

Ile dawa ya kufanya pine ziwe nyeusi inaharibu pia. Ikinyunyizwa mbio mbio na motokari ikaondoka, inarukia janti na kuacha matone yanayongaa. Ipakwe kwenye pine na kitambaa, na iachwe ikauke.

Pale janti imegonga jiwe na verni imevunjika, mwenye motokari asingoje. Maji yanaingia chini ya verni na alumini inatoa unga mweupe unaosukuma rangi kutoka ndani. Ukifika kwenye ukingo ambapo pine inakaa, hewa inaanza kutoka polepole, na shofere anajaza kila asubuhi akifikiri ni musumari. Mukwaruzo mudogo uliopakwa mapema na fundi ni feza kidogo.

Kwa ugomvi wa muoshaji na mwenye motokari, simu inasaidia: picha 4, moja kwa kila gurudumu, wote wawili wakiangalia, mbele ndoo haijajazwa maji. Na kama mwenye motokari anataka janti zake zioshwe namna hiyo, wapatane bei ingine, kwa kuwa saa moja ya kukandamiza kitambaa haiwezi kulipwa sawa na dakika 10 za kumwaga maji.